Uzito Bila Nta

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, si umesimama mlangoni mwa karakana ukibishana na wateja. Miguu inaendeleaje? Uvimbe umepungua hata kidogo? Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo haiishi.

Karatasi za hospitali ulizonitumia nimezisoma mara tatu, na kila nikimaliza nakasirika upya. Si kwako. Nitakueleza polepole, maana naona huko hakuna aliyekaa nawe kukueleza.

Ile nyama waliyoitoa kwenye mafuta ya tumbo lako imeonyesha amiloidi. Ni protini iliyojikunja vibaya ikagandamana, na kwako imetuama zaidi moyoni. Ndiyo maana moyo umekuwa mgumu, maji yanabaki miguuni, na pumzi inakata ukipanda ngazi tatu. Mpaka hapo daktari wako yuko sawa. Shida ni kwamba amiloidi si moja. Kuna inayotokana na uboho wa mifupa, na dawa yake ni kali, ya familia ya dawa za saratani. Kuna nyingine inayotengenezwa na ini. Hiyo dawa za saratani haziisaidii chochote, zinauumiza tu moyo ambao umeshachoka. Na chini ya hadubini zote mbili zinafanana kabisa! Daktari amekisia ile ya kwanza kwa sababu ndiyo anayokutana nayo. Amekisia, Baba. Halafu anataka uanze dawa.

Usianze. Nakuomba.

Miaka sita unaniuliza huku nafanya kazi gani, nami nakujibu "maabara" kwa uvivu. Basi leo nakujibu: mimi ni fundi mizani kama wewe. Mashine yangu, ambayo vitabuni inaitwa spektromita ya masi, ni mizani. Tunachukua nyama kidogo, tunazikata protini zake kwa kimeng'enya, vipande tunavipa chaji ya umeme na kuvirusha ndani ya chumba kisicho na hewa, mashine inapima uzito wa kila kimoja. Kisha kompyuta inalinganisha uzito huo na daftari la protini za binadamu na kusema hii ni fulani. Hapo kukisia kunakwisha.

Hospitali bado wana nyama yako. Imehifadhiwa ndani ya nta. Waombe waitume huku, mkuu wangu amekubali tuipime.

Mwanao,
Robo


12 Februari

Kwako Robo,

Marahaba, mwanangu. Niko hai, jambo ambalo daktari analiona kama ukaidi. Miguu haiingii kwenye kiatu chochote ninachokimiliki, kwa hiyo naenda hospitali na ndala kama mtu aliyekimbia nyumba inayoungua. Vidole vya mikono navyo vina ganzi. Wiki iliyopita nilidondosha jiwe la gramu tano, nikalitafuta chini ya meza asubuhi nzima, mwisho mteja ndiye aliyeliona. Aibu gani hiyo kwa fundi?

Mama wa steshenari anakusalimu. Anachapa barua hizi kwa vidole viwili, anazituma kwa kompyuta yake na kutoa maoni yake, ambayo nimemkataza asiyaandike. Simu usipige. Sikio la kulia lilishakufa na la kushoto linafuata, nikishika simu napiga kelele mpaka mtaa mzima unajua nimepata choo au sijapata.

Sasa turudi kwenye mizani. Mbona hukusema siku zote hizo? Nilikuwa nawaambia watu mwanangu anaosha chupa! Lakini nina maswali, na usinijibu kwa haraka zako. Mosi, kitu kinachoruka kinapimwaje? Nimepima kwa miaka arobaini na moja na kanuni yangu ya kwanza ni kwamba kitu kitulie. Pili, mizani yenu nani anaikagua? Kila mwenye mizani anasema yake ni sahihi. Nimefungua za wauza nyama wacha Mungu nikakuta sumaku chini ya sahani.

Daktari wa moyo nimemwambia asubiri. Akauliza, "Kwani mwanao ni daktari?" Nikamwambia ni fundi mizani. Akacheka. Sikuupenda ule mcheko. Ametoa wiki sita, baada ya hapo anasema asilaumiwe.

Baba yako


15 Februari

Baba,

Shikamoo, na pole na vidole. Ganzi hiyo mweleze daktari, usimalizie kwa mteja.

Maswali yako ni mazuri kuliko ya wanafunzi wanaokuja hapa. Kinachoruka kinapimwa hivi: vipande vyote tunavisukuma kwa nguvu ileile. Chepesi kinawahi kufika, kizito kinachelewa. Tunapima muda, muda unatupa uzito. Na mizani yetu inakaguliwa kila asubuhi kwa protini ambayo uzito wake tunaujua. Ikikosea hata kidogo, hatuanzi kazi. Ulinifundisha wewe kuweka sufuri kwanza, sijasahau.

Kitu kimoja ujue: sitaigusa sampuli yako mimi. Ni kanuni hapa, mtu hapimi ndugu yake. Ataishughulikia mwenzangu tunayemwita Mkataji, maana ndiye anayekata nyama chini ya hadubini kwa mwanga mkali. Ni mpole na hana haraka, mngepatana.

Kinachonichosha ni hospitali yenu. Wanataka barua kutoka kwetu kabla ya kutoa sampuli. Mkuu wangu anataka barua kutoka kwao kabla ya kuandika yake. Nimewapigia mara kumi na moja. Mara ya tisa nilizungumza na mtu mstaarabu sana, akanisikiliza mpaka mwisho, kumbe ni mlinzi wa getini. Nimeshika tama. Kama una nguvu ya kwenda mwenyewe, nenda ukae pale mpaka wakuone.

Robo wako


27 Februari

Mwanangu Robo,

Salamu nyingi. U hali gani? Unakula? Mimi leo nina furaha, kwa hiyo soma barua hii ukiwa umekaa vizuri.

Nimekwenda hospitali mara nne. Ya kwanza faili halikuonekana. Ya pili lilionekana, lakini mwenye ufunguo wa stoo alikuwa msibani. Ya tatu wakanipa faili la mama mjamzito, nikawaambia tumbo langu ni la maji, si la mtoto. Ya nne nikabeba kiti changu mwenyewe, nikakaa mlangoni mwa maabara yao, kila anayetaka kupita ananiruka. Saa tano akatoka bwana mmoja, akanisainisha kitabu, akanipa kitu mkononi. "Mzee, tuma mwenyewe, sisi hatuna fungu la posta." Ni kiplastiki kidogo cha matundumatundu, juu yake nta, na ndani ya nta ndimo nilimo mimi, kipande kisichofika ukubwa wa ukucha.

Sasa sikia nilichofanya. Nilipokitazama nikaona hawa watu kazi hawaijui. Nta imeizunguka nyama pande zote, tena ni nyingi kuliko nyama yenyewe! Ukiweka kitu kile kwenye mizani unapima mshumaa. Nikakaa mezani kwangu, nikapasha kisu moto, nikaikwangua nta, na iliyobaki nikaichambua kwa vidole kidogo kidogo mpaka nyama ikatoka safi. Nikaipima kwa ile mizani ya sonara. Miligramu thelathini na nane, uzito halisi bila nta. Nimeuandika juu ya bahasha ili mlinganishe na mtakachopata. Tukitofautiana, kagueni ya kwenu kwanza.

Nyama nimeirudisha juu ya kiplastiki chake, nikafunga kwa karatasi safi, na leo imeondoka na kampuni ya vifurushi. Mwambie huyo Mkataji nimempunguzia kazi.

Baba yako, aliyechoka lakini ameridhika


10 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu leo ni chache, utanisamehe, au usinisamehe.

Kifurushi kimefika. Tumekifungua. Nyama imekauka na kuvunjikavunjika kama jani. Mkataji aliitazama, akanitazama mimi. Tukasema tuijaribu hivyohivyo. Unajua mashine imesoma nini? Keratini. Ndiyo protini ya ngozi, kucha na nywele. Kwenye grafu ni kilele baada ya kilele, keratini tupu, na chini yake hakuna kinachosomeka. Tumevuka milima na bahari kupima vidole vyako!

Mashine haijali uzito wa nyama. Ningeiletea ng'ombe mzima isingejali. Inapima kila kipande cha protini kinachoingia, na kilicho kingi kinakifunika kilicho kichache. Hapa tunavaa glavu, tunafunika nywele, mtu akijikuna shingo anatolewa nje. Nta unayoiita mshumaa ndiyo iliyokuwa inailinda nyama isiguswe na mtu yeyote. Ukaikwangua!

Tena wewe. Wewe uliyenichapa mkono nikiwa na miaka saba kwa sababu nilishika jiwe la gramu moja kwa kidole. Ulisema jasho la mtu lina uzito wake. Kibano chako kilikuwa wapi? Nimehangaika wiki tano, nimembembeleza mkuu wangu, nimegombana na geti la hospitali yenu, na wewe katika asubuhi moja umefuta kila kitu kwa sababu huwezi kupokea kitu kutoka kwa mtu bila kukirekebisha. Umejifanya unajua kila kitu maisha yako yote. Sasa ujuaji huo ndio utakaokuua.

Hospitali wanasema nyama nyingine hawana, na kukukata upya hawakubali. Sijui nifanye nini.

Robo


14 Machi

Robo,

Salamu zako nimezipata, chache kama ulivyosema.

Umeuliza kibano kilikuwa wapi. Kilikuwa mkononi. Kilinidondoka mara tatu. Vidole hivi havikishiki tena, na habari za ganzi nilikwisha kukuandikia. Mara ya nne nikaona nitaiangusha nyama sakafuni, nikatumia vidole. Nilinawa kwanza.

Halafu ni wewe uliyeniambia ni mizani. Mimi nilitayarisha kitu cha kupimwa kwenye mizani.

Nimesaini karatasi za daktari. Dawa inaanza Jumatatu. Mama wa steshenari nimemwambia barua zikija akae nazo.

Baba yako


15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Hata kama hutaki kuisoma hii, natumaini umekula na umelala vizuri.

Ni kweli uliyosema. Neno "mizani" nililitoa mimi, nikalitupa vile kwa sababu nilitaka ufurahi na nilitaka nimalize barua. Nilipaswa kukueleza uzito gani tunaotafuta. Na habari za vidole nilizisoma nikazipita. Kuhusu lile neno la kukuua, sina cha kujitetea. Nilipolisoma upya nilitaka kulimeza.

Lakini usianze dawa. Jumatatu usiende. Mkataji amekipekua kile kiplastiki, na ndani ya matundu yake kuna nta ambayo kisu chako hakikuifikia. Kwenye tundu moja ameona punje ya nyama. Punje, Baba, lakini imefunikwa vizuri na haijaguswa na mtu. Ameizungushia nta mpya, na ataikata vipande vyembamba, achukue katikati yake tu. Tupeni siku tisa.

Nimempigia mama wa steshenari. Anasema umemkataza kukuletea na yeye hataki ugomvi na mteja wa kila siku. Nimempigia daktari wako, yuko wodini. Nimepiga tena, katoka. Nimepiga tena, yuko wodini.

Mwanao


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui barua hii nakuandikia ukiwa nyumbani au wodini. Mama wa steshenari anasema karakana imefungwa na jirani anakuletea uji. Anasema umepata dozi ya kwanza. Baba, nitakasirika baadaye, kwanza soma.

Tumepata jibu. Mkataji alifanya kazi siku nne juu ya punje ile. Alipaka rangi inayoonyesha amiloidi, akakata kwa mwanga sehemu zilizong'aa tu, akazikusanya kwenye kifuniko kidogo. Jana asubuhi zikaingia mashineni. Nilikaa kwenye korido nikisubiri, kwa sababu ya ile kanuni. Alipotoka aliniambia, "Si ya uboho." Nilimkumbatia mtu ambaye hata mkono hatupeani.

Ni ile inayotoka kwenye ini. Jina lake transitairetini, usijaribu kulitamka bila maji karibu. Kazi yake ni kubeba homoni ya tezi na vitamini A kwenye damu. Ikilegea inafumuka, na mabaki yake yanatuama moyoni, na hata kwenye mikono, pale mshipa wa fahamu unapopita kwenye kifundo cha mkono. Hata ganzi yako huenda inatokana nayo. Daktari alikuwa na dalili mbele yake hakuiona, nami hivyohivyo.

Kulikuwa na tatizo moja. Vipande vyote vya protini hiyo vilionekana, isipokuwa kimoja kilionekana kidogo mno kuliko kinavyopaswa. Kompyuta haikujali, kwa sababu yenyewe inatambua tu kilichoandikwa kwenye daftari lake, kisichoandikwa inakiruka. Mkataji ndiye aliyekwenda kutafuta kwa mkono. Akakikuta pembeni, kipande kilekile, kimezidi uzito kwa kumi na nne, na moja ya kipimo chetu ni kama uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Yaani kiungo kimoja kati ya mia na ishirini na saba vya mnyororo kimebadilishwa na kingine kilicho kizito zaidi. Mtu huzaliwa nayo hiyo. Ipo dawa yake, ni vidonge vinavyoishika protini isifumuke, havirudishi moyo ulivyokuwa lakini vinazuia usizidi kuharibika. Hospitali kubwa za huko wanavyo, daktari aagize tu.

Dozi ya pili usikubali. Ripoti rasmi inangoja sahihi ya mkuu wangu, naye yuko safarini hadi Alhamisi. Bila sahihi hospitali yenu hawaisomi. Nimewaomba. Wamesema utaratibu.

Mwanao anayekuomba,
Robo


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Mzima?

Ripoti imesainiwa, imetumwa, imepokelewa. Nimeuliza imepokelewa na nani. Wamesema imewekwa kwenye faili. Nimeuliza faili liko wapi. Wanalitafuta.

Mama wa steshenari nimemsomea barua ya tarehe 24 kwa simu, neno kwa neno. Kisha akakata.

Robo


6 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi sana. Niko nyumbani, nimekaa, hata wewe ungenisifu. Barua naitamka mimi, mama wa steshenari anachapa hapa kando ya kitanda kwa mashine yake ya kubeba. Safari hii nimemruhusu atoe maoni, na yote ni juu yangu.

Dozi ya pili niliipata tarehe 24, asubuhi, kabla barua yako haijafika. Siku mbili baadaye nikashindwa kuvuta pumzi nikiwa nimekaa kitako. Wakanilaza siku tano. Tarehe 28 huyu mama alikuja wodini na barua zako zote tatu, akasema amechoka kuwa kabati, akanisomea kwenye sikio la kushoto. Alisoma kwa sauti mpaka wodi nzima sasa inajua transitairetini. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliuliza kama inaambukiza.

Nilimpa daktari barua yako. Akasema haina mhuri. Nikamwambia mhuri uko kwenye faili lake. Akaenda mwenyewe, akakaa huko karibu saa nzima, akarudi na ripoti mkononi na vumbi kwenye suruali. Ameisoma amesimama. Kisha akavuta kiti, akaniita "mzee wangu", neno ambalo hakuwahi kunitamkia, na akasimamisha ile dawa. Kuomba radhi hakuomba. Lakini hacheki tena nikikutaja. Vidonge vimefika juzi. Kipo kichupa kizima.

Yale maneno yako ya tarehe 10, tuyaache. Nimekukasirikia kwa wiki mbili na hasira hiyo nimeilipia kwa pumzi zangu, hakuna mtu mwingine wa kumdai. Nilijua dawa ile huenda siyo. Nilisaini ili uumie. Mtu wa miaka sitini na sita.

Sasa nina neno. Barua ya tarehe 24 nimesomewa mara nyingi. Umeeleza kila kitu kirefu, kama kawaida yako, halafu pale pa kusema mtu huzaliwa nayo umeweka sentensi moja na kukimbilia vidonge. Nakujua. Ulikuwa ukivunja kitu unaniuliza kama nimekula. Babu yako alikufa amevimba miguu hivihivi, hawezi kufunga kifungo cha shati, tukasema uzee, na alikuwa na miaka sitini na tatu. Kwa hiyo mimi nilipewa na yeye. Na wewe baba yako ni mimi.

Umejipima?

Kichupa kiko juu ya meza. Sitafungua mpaka uniandikie. Mama wa steshenari anasema huo ni upumbavu wa pili baada ya ule wa kwanza, na nimemwambia aandike hivyohivyo.

Baba yako


19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nashukuru kwamba unapumua na unagomba. Mshukuru sana huyo mama, na mpe pole kwa ninayomwandikia leo, maana atalazimika kukusomea.

Nilikuwa sijajipima. Nilijua tangu tarehe 23 nikiwa kwenye korido ile. Mkataji alipotaja kumi na nne, aliangalia viatu vyake, na mimi nikaelewa. Mtoto anaipata au haipati, nusu kwa nusu. Kila siku nilikuwa naingia maabara, napita mbele ya mashine ambayo ingenijibu kabla ya saa sita mchana, napima damu za watu nisiowajua. Nilijiambia nina kazi nyingi. Nilijiambia wewe kwanza. Ningeweza kukaa hivyo miaka.

Barua yako ilinikasirisha, uelewe hilo. Kunitishia kwa vidonge vyako mwenyewe! Nilizunguka jengo mara mbili. Kisha nikafanya kama inavyotakiwa, nikaenda kwa mshauri, nikasaini fomu, nikatolewa damu. Kwa damu hakuna haja ya kukata, protini inapimwa nzima; kwako isingetosha, maana damu haisemi kilichotuama moyoni. Mkataji alifanya yote, mimi nikakaa kwenye korido ileile.

Nilitaka kukudanganya. Niliandika barua nyingine kabla ya hii, nzuri, ya kuchekesha, inayosema nimesalimika. Ningeituma ungefungua kichupa chako siku hiyohiyo. Nimeichana kwa sababu miaka thelathini ijayo mwanangu, nikijaliwa, atahitaji kuniamini na sitaki awe na sababu ya kutoniamini.

Kwenye karatasi yangu kuna vilele viwili vinavyosimama pamoja. Kimoja ni cha kawaida, nilichopewa na marehemu Mama. Cha pili kimezidi kwa kumi na nne.

Ninayo, Baba. Moyo wangu wameupiga picha, ni mzima, mikono haina ganzi, na huenda ikawa hivyo kwa miaka mingi. Wengine wanazeeka nayo bila kuugua. Naogopa sana. Nakuandikia hivyo kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia.

Sasa fungua kichupa. Meza leo, na kesho, na kila siku, uniandikie pumzi ikoje, miguu ikoje, unapanda ngazi ngapi. Usinifiche kitu. Nataka kujua dawa hii inavyofanya kazi kwako kabla haijafika zamu yangu.

Binti yako